Yule Dada Yupo?

Nilikwenda msibani kwa Mwanahawa nikiwa na wivu. Najua si neno zuri la kuanzia habari ya mtu aliyefariki, lakini sura hii nimeamua kuiandika bila kuipaka rangi, na ningesema nilikwenda na huzuni ningekuwa nimeshaharibu kazi tangu mstari wa kwanza. Huzuni ilikuja baadaye, njiani. Ilikuwa siku ya tatu, siku ya hitima, na pale Makorora nililazimika kuegesha gari mtaa wa tatu kwa sababu mitaa yote ya karibu ilikuwa imejaa. Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kushuka si kuuliza njia ya kuingia bali kuyatazama magari ya watu na kujiuliza ni yapi yaliyopita mikononi mwake. Muuzaji wa magari hasahau gari. Niliiona saluni nyeupe, lile gari dogo la mwenye duka la vitenge, niliiona pikapu ya kijani ya jamaa wa Pangani, imeota kutu lakini inatembea, na nyingine na nyingine. Nilikaa chini ya turubai na wanaume wenzangu, nikapokea sahani ya pilau, na badala ya kumwombea marehemu nikawa najiuliza, siku yangu ikifika, ni wangapi watakaokuja kwa sababu niliwahi kuwauzia gari. Nina miaka hamsini na mitatu, nina wajukuu wawili, kanisani kwetu mimi ni mzee wa kanisa, na nilikuwa nakula pilau ya msiba huku namwonea gere aliyelala kaburini.

Wivu huo niliuanza mwaka mmoja tu, na sijaumaliza. Ulikuwa mwaka ule ambao simu za mkononi ndiyo kwanza zimefika Tanga na mwenye nayo alitembea ameishika mkononi kutwa nzima, hata kama hakuna anayempigia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa nauza magari kwenye yadi ya Bwana Nassoro, kando ya barabara ya kutokea mjini. Ilikuwa kiwanja cha kokoto chenye uzio wa mabati, magari kumi na tano au ishirini yaliyotumika Japani yamepangwa yakitazama barabara, na katikati kontena lililokatwa madirisha mawili, hilo ndilo ofisi. Ndani liligawanywa kwa plaiwudi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya mashine ya chapa, viti vitatu vya wateja, chupa ya chai na kalenda ya mwaka uliopita ambayo Bwana Nassoro alikataa itolewe kwa sababu alipenda picha yake. Chumba cha nyuma kilikuwa changu, mimi na maboksi ya spea, na kwenye ile plaiwudi, usawa wa sikio langu nikiwa nimekaa, kulikuwa na tundu la kupitishia waya wa feni. Feni ilikufa zamani, waya ukatolewa, tundu likabaki. Mwaka mzima niliishi kwa kusikia yaliyopita kwenye tundu lile.

Nilikuwa muuzaji mzuri, na hilo hakuna anayelikanusha. Nilijua kumkaribisha mteja, nilijua kumwamkia Mbondei kwa Kibondei na Mshambaa kwa Kishambaa, nilijua kumkalisha mtu kwenye usukani kabla hajauliza bei, maana aliyekwisha kaa huona shida kushuka. Mwongo sikuwa. Nilikuwa mtu wa kunyamaza. Kilomita zilikuwa zimerudishwa nyuma kabla gari halijanifikia, sasa mimi nani niulizwe? Mteja akiuliza injini nilifungua boneti, tukaitazama wote wawili, imeoshwa inang'aa, na macho yake yakamjibu badala yangu. Nikiulizwa kama gari ni zima nilisema, "Si unaliona?" Niliona hiyo ndiyo biashara. Kila aliyekuwa anauza magari pale mjini alifanya hivyo hivyo, na sikuwahi kupoteza usingizi.

Mwanahawa aliletwa kwa ajili ya mashine ya chapa. Alikuwa Mdigo, kwao Mwera kule Pangani, umri wetu ulikuwa mmoja, mwembamba, mpole wa sauti, na kazi yake ilikuwa kuandika mikataba ya mauziano na kupeleka karatasi za kadi za magari kwenye ofisi za kodi. Wiki ya kwanza sikumjua hata jina. Wiki ya pili nilikuwa namalizana na nesi mmoja aliyekuja kununua kigari chekundu, tumeshakubaliana kila kitu, nesi kashaanza kutabasamu, akapita Mwanahawa na karatasi zake mkononi. Akasimama. Akamwuliza nesi kama ameambiwa kuwa mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani na kwamba rejeta imezibwa kwa gundi. Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu mwavuli aliousahau. Nilihisi kichwa kinanipasuka. Nilimtazama nesi nikisubiri aondoke, na nesi akacheka, akafikiri kidogo, akaomba rejeta nyingine, akalinunua. Juma lililofuata alimleta kaka yake. Nilitoka nje kumpokea nimepanua mikono, kaka mtu akanipita kwa heshima zote, akachungulia ndani ya kontena na kuuliza, "Yule dada yupo?"

Hayo maneno matatu ndiyo yaliyoniua mwaka ule. Niliyasikia asubuhi kupitia dirishani, niliyasikia mchana kupitia kwenye tundu la waya, niliyasikia kwenye ile simu ya mezani ambayo mimi ndiye niliyekuwa naipokea. Watu walitoka Mkinga, walitoka Pangani, mtu mzima na kofia yake ya kiua anakaa kwenye kiti saa nzima anasubiri Mwanahawa arudi kutoka kwenye ofisi za kodi, na mimi nipo, nimevaa shati lililopigwa pasi, magari yapo, funguo ninazo. Nikimwambia karibu nikuhudumie, anajibu ahsante mwanangu, namsubiri yule dada. Bwana Nassoro, ambaye alishinda barazani kwenye kiti chake cha ukindu akipiga hesabu za dunia, hakuwa mjinga. Mwezi wa tatu mashine ya chapa akapewa mtu mwingine wa kuja siku mbili kwa juma, na Mwanahawa akawa muuzaji kama mimi.

Namna yake ya kuuza ilikuwa moja tu, na niliijua kwa masikio kabla sijaiona kwa macho. Walipokwisha kuelewana bei, kabla mteja hajagusa mfuko wake, Mwanahawa alisema, "Tuzunguke." Wakatoka, wakalizunguka gari kuanzia taa ya kulia ya mbele, na kila palipokuwa na kasoro aliweka kiganja chake juu yake na kuitaja kwa sauti. Hapa palibonyea pakanyooshwa. Hapa rangi si ya kwanza. Shokapu hii imechoka, itakupa miezi sita. Wakirudi pale walipoanzia alimgeukia mteja na kusema, "Haya, nirudishie." Na mteja, awe shehe, awe mhandisi, awe mama lishe, alizirudia zile kasoro moja moja kwa mdomo wake mwenyewe, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesomeshwa, na akisahau moja Mwanahawa alimrudisha nyuma mpaka aikumbuke. Babake alikuwa akiuza mbuzi kule Mwera. Kwao, alisema, mbuzi haondoki na kamba mpaka mnunuzi amezitaja kasoro zake mwenyewe, ili kesho mnunuzi asiseme hakuambiwa, wala muuzaji asidai kutaja asichokitaja. Yeye aliona gari na mbuzi ni mali tu.

Watu wa yadi walidhani nampenda. Ingekuwa hivyo ningepumzika. Fundi Kombo, Mtang'ata mmoja mwenye domo, kila akinikuta nimesimama namtazama Mwanahawa akizunguka na mteja aliniuliza, "Waambaje, bwana harusi?" na wenzake wakacheka. Niliwaacha wacheke, kwa sababu ukweli ulikuwa na aibu kuliko mapenzi. Nilichotamani hakikuwa mwanamke yule. Nilitamani yale mabega ya wateja wake, jinsi yalivyoshuka akishataja kasoro ya kwanza, jinsi mtu aliyeingia yadini amekunja uso anavyokunjua. Kwangu mimi walinunua huku wamekunja uso, na waliondoka wakigeuka nyuma.

Saa saba ndiyo saa iliyokuwa mbaya zaidi. Mwanahawa alikuja na chakula kutoka nyumbani, na mara nyingi kilikuwa bada, ule ugali wa muhogo wa kwetu pwani, kwa mchuzi wa samaki wenye ndimu na pilipili mbichi. Alikiweka kwenye sinia kule chumba cha mbele, akaita watu. Bwana Nassoro aliinuka kwenye kiti chake, yeye ambaye nyumbani kwake kulipikwa biriani. Fundi Kombo alinawa mafuta ya gari kwa sabuni ya unga. Mlinzi alikuja. Na kila siku, sina hata siku moja ya kusema alisahau, sauti yake ilipita kwenye tundu la waya, "Karibu, kaka Zaka." Kila siku nilijibu nimeshiba. Nilikuwa na ubwabwa wangu na maharage kutoka kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, umepoa kwenye sahani ya bati, nikaula peke yangu juu ya boksi la spea huku nikiwasikia wanavyocheka na kugombea kichwa cha samaki. Nimekula vyakula vingi maishani na vyote nimevisahau, lakini harufu ya bada ile ambayo sikuila ninayo mpaka leo.

Mwezi wa sita Bwana Nassoro alitangaza kwamba anafungua yadi ya pili Korogwe na kwamba mmoja wetu ndiye atakayeisimamia. Alisema mmoja wetu, lakini macho yake yalikuwa kwa mmoja. Sikuitaka Korogwe kwa ajili ya Korogwe. Niliitaka ili siku moja mtu asimame mlangoni na kuuliza kama Zakaria yupo. Nikaanza kufikiri, na wivu ukimfundisha mtu kufikiri humfundisha vizuri. Niligundua kwamba mteja akishaambiwa ubaya mmoja huacha kutafuta wa pili. Basi nami nikaanza kuzungusha wateja. "Tuzunguke," nilisema, kwa upole ule ule. Niliweka kiganja kwenye mkwaruzo, nikataja waipa mbovu, nikataja kiti kilichotoboka, na lile kubwa lililokuwa chini ya boneti nikalipita kimya. Nikawaambia wanirudishie, nao wakanirudishia, na mabega yao, Mungu anisamehe, yalishuka. Gari likikosa kasoro ndogo nililitengenezea. Niling'oa kitufe cha redio nikakitia mfukoni, ili niwe na kitu cha kukiri. Droo ya meza yangu ilikuwa na vitufe vitano au sita vya redio za watu, na mauzo yangu yalipanda. Bwana Nassoro alinisifu mbele ya wote. Mwanahawa alinitazama, akasema, "Hongera, kaka Zaka," na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikaribia kwenda kula bada.

Kulikuwa na pikapu moja ya bluu. Fundi Kombo alikuwa ameniambia wazi, tukiwa wawili, kwamba gia boksi yake ikipata moto inaachia. Hapa mjini hutaijua, alisema, Tanga yote ni tambarare, utakwenda Raskazone na kurudi unaimba. Ipeleke mlimani na mzigo ndipo utaijua. Nilimwambia nimesikia. Mwanahawa hakuwa ameigusa pikapu ile, ilikuwa imeshuka kwenye lori siku ile ile aliyokwenda Mwera kwenye harusi ya mdogo wake, na angekaa huko siku nne. Siku ya pili akaja Mwalimu Hilda. Alikuwa mwalimu mkuu huko Amani, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, anakaribia kustaafu, yeye na mumewe wanataka pikapu ya kushushia iliki na pilipili manga mpaka Muheza. Nilimwamkia kwa Kishambaa, akafurahi, tukaulizana habari za milimani. Kisha akaangaza macho ndani ya kontena na kuniuliza, yule dada yupo?

Nilimwambia amesafiri. Akasema basi, hakuna neno, atarudi wiki ijayo. Nilimweleza pikapu ipo, aiangalie tu, akaiangalia, akaipenda, nikamwendesha mpaka Raskazone na kurudi, akaipenda zaidi, na bado akasema atarudi wiki ijayo. Mtu yuko tayari kupanda gari la abiria mpaka Amani na kushuka tena kwa ajili ya kutajiwa kasoro na Mwanahawa, wakati mimi nimesimama mbele yake. Sikuwaza fedha hata kidogo wakati ule. Roho iliniuma mpaka mdomo ukafunguka wenyewe, nikamwambia, "Mwalimu, gari hili amelikagua yeye mwenyewe kabla hajaondoka. Kasoro zake ameniachia mimi nikutajie." Uso wake wote ulifunguka. Tukazunguka. Nikamtajia redio isiyo na kitufe, kioo cha dereva kinachopanda kwa taabu, na bampa ya nyuma iliyopinda. Akanirudishia zote tatu, vidole vikihesabu, akijicheka kwamba leo yeye ndiye mwanafunzi. Kisha akanitazama na kuuliza, "Hakuna nyingine?"

"Hakuna," nikasema.

Baada ya wiki tatu walikuwa wanapanda Amani na saruji nyuma. Kwenye kona moja ya juu gia ikaachia, pikapu ikaanza kurudi kinyumenyume, breki zikashindwa na mzigo, ikaenda kujibamiza kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Mwalimu alivunjika mkono wa kushoto mahali pawili. Mumewe alitoka na michubuko. Kama ingeelemea upande wa pili, upande wa bonde, sijui leo ningekuwa wapi. Habari hizo sikuzisikia mpaka yeye mwenyewe alipoingia yadini mchana mmoja, mkono umefungwa kwenye kitambaa, siku ambayo kulikuwa na wateja wanne na Bwana Nassoro yupo barazani. Hakupaza sauti. Alimwendea Mwanahawa moja kwa moja na kumwuliza, "Binti, ile pikapu ya bluu uliikagua wewe?"

Mwanahawa alimwuliza nani amesema hivyo. Mwalimu alinionyesha kwa kidevu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba changu na nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema. Nimeupima muda ule mara nyingi tangu siku hiyo. Ungetosha kusema kila kitu na kuomba radhi, na mwingine ukabaki. Nilitazama chini nikaona viatu vyangu vimeingia vumbi. Mwanahawa alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama alivyokuwa akitazama chini ya gari, kisha akamgeukia Mwalimu. "Kama imeuzwa kwa jina langu basi ni yangu," alisema. "Njoo mama, tukae mahali." Alimwita na Bwana Nassoro. Hawakuingia ndani ya kontena. Alifungua saluni moja ya kijivu iliyokuwa kwenye mstari wa mbele, akamkalisha Mwalimu kiti cha mbele, Bwana Nassoro nyuma, yeye akapita kontenani, akaingia chumbani kwangu bila kunisemesha, akatoka, akakaa kwenye usukani na kupandisha vioo vyote, na jua lile. Mwaka mzima nilisikia kila kilichosemwa pale yadini, na siku ile niliona midomo inakwenda nyuma ya kioo na sikusikia hata neno moja. Midomo ya Mwanahawa ilikwenda sana. Kisha ya Mwalimu. Kisha, jambo ambalo sikulielewa, ya Bwana Nassoro, taratibu, kama anayesoma kitu kwa moyo.

Mwalimu alipewa gari jingine, alilichagua na Mwanahawa, na pikapu ya bluu ilikokotwa ikarudishwa. Hakuna aliyeniambia kitu. Siku ya pili saa saba sauti ilipita kwenye tundu la waya, "Karibu, kaka Zaka," nikajibu nimeshiba. Jioni nilifungua droo kutafuta kalamu, nikaona vile vitufe vya redio vimepungua, nikadhani ni Kombo. Mwezi uliofuata Bwana Nassoro aliniita akaniambia nifungashe, Korogwe ninakwenda mimi. Niliona nimeshinda. Niliamini kwamba jina la Mwanahawa limechafuka, kwamba mzee amemwona si lolote, kwamba kunyamaza kwangu kumezaa matunda kama kulivyozaa siku zote. Nilinunua shati jipya. Niliagana na Mwanahawa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika begi, naye akanitakia heri na kunifungia chakula cha njiani kwenye jani la mgomba. Nilimpa kondakta.

Korogwe nilikuwa peke yangu, na huko, niseme ukweli, nikawa muuzaji mwaminifu. Sikuokoka, wala sikuota ndoto. Mwaka wa kwanza tu walianza kuja watu waliosema huko Tanga kuna dada mmoja anayezungusha watu, nikaapa nitamzidi. Nilitaja kasoro zote. Nilitaja hata zile ambazo fundi alikuwa bado hajaziona. Gia boksi ndiyo nilianza nayo siku zote, kabla ya rangi, kabla ya bei. Watu waliniamini, walileta watoto wao na wakwe zao, na baadaye nilipofungua yadi yangu mwenyewe walinifuata. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba uaminifu wangu ulizaliwa na kijicho. Na bado kila mwaka mtu wa Korogwe, mtu wa mlangoni kwangu kabisa, alinipita akashuka mpaka Makorora, kwenye kile kiwanja kidogo alichokuja kufungua Mwanahawa, kisicho na hata kibao cha jina, akarudi na gari alilolinunua kwake. Nikilipita njiani nililitazama rangi.

Basi siku ya hitima nilikuwa nimeshanawa mikono na ninaondoka nilipomwona Mwalimu Hilda akitoka upande wa wanawake. Amekuwa bibi kizee, amejitanda kitenge, na mkono wa kushoto haunyooki. Miguu ilitaka kugeuka. Nikaenda nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunitaja kwa jina langu bila kufikiri. Anawahi gari la Amani pale Muheza, alisema. Nikasema mimi ninapita huko huko, nitampeleka. Tukatembea mpaka mtaa wa tatu, taratibu. Nilipomfungulia mlango hakuingia. Alisimama amelitazama gari langu kutoka taa mpaka taa.

"Tuzunguke kwanza," alisema, na usoni hakuwa na mzaha.

Nikamzungusha, mtu mzima, watu wa msibani wanatupita wanatutazama. Niliweka kiganja kwenye mlango uliowahi kugongwa. Nikamtajia taa ya nyuma, nikamtajia shokapu, nikamtajia gia ya tatu inavyokwaruza asubuhi. Akanirudishia zote. Kisha akaegemea gari kwa mkono wake mzima na kuniuliza kwa sauti ile ile ya mwaka ule, "Hakuna nyingine?"

"Ipo," nikasema. "Si ya gari." Nikamwambia. Nikamwambia kwamba Mwanahawa hakuigusa pikapu ile, kwamba alikuwa Mwera, kwamba nilijua habari ya gia boksi na nilijua anakwenda mlimani, na kwamba nilifanya hivyo kwa wivu, sikuwa na sababu nyingine yoyote. Nilisema yote nimesimama barabarani Makorora. Ilinichukua dakika chache tu, jambo nililolibeba tangu ujana.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Hilo nalijua, Zakaria. Alinitajia siku ile ile, kwenye ile saluni, na bosi wenu yupo nyuma. Alinipa na kitufe cha redio, alikitoa kwenye droo yako. Akatwambia, yule kaka si mtu mbaya. Haibi, hachelewi, kazi anaijua. Kasoro yake ni moja, ana wivu. Mpelekeni Korogwe akae peke yake, atakwenda vizuri. Halafu akasema tumrudishie. Tukamrudishia, mimi, kisha mzee."

Nilibaki nimeshika mlango. Kumbe ndiyo maneno niliyoyaona yakitoka kwa Bwana Nassoro nyuma ya kioo. Kumbe Korogwe niliuzwa, na niliuzwa kwa njia ya haki, kasoro yangu imetajwa, wanunuzi wameirudia na wamekubali. Na neno moja la kweli nililokuwa nimelitunza miaka yote hii, nikijua kwamba siku nikilitoa nitakuwa nimefanya kitu kimoja ambacho Mwanahawa hakunitangulia, lilikuwa limeshasemwa, na yeye, na kwa upole kuliko nilivyolisema mimi. Nikamsaidia Mwalimu kupanda, nikamfunga mkanda kwa sababu mkono wake haufiki. Nilimwonea Mwanahawa wivu njia nzima mpaka Muheza, na nilipoondoa gari tena kuelekea Korogwe, kiti cha pembeni kitupu, ndipo nilipolia.